Ubao wa Barazani

Nyumbani kwa shangazi yangu hukubisha hodi kwa mdomo. Ulikanyaga. Kuanzia kizingiti cha mlango hadi mwisho wa baraza, mahali alipozoea kukaa, palilazwa ubao mmoja mrefu uliotoka ubavuni mwa mtumbwi mkuukuu, na kila aliyefika alitua mguu juu yake mara mbili, akasubiri. Shangazi akainua kichwa. Mgeni asiyejua angeweza kusimama pale akipiga hodi mpaka koo limkauke, na majirani wakamcheka kwanza kabla ya kumwambia: "Kanyaga ubao, bwana! Yule hasikii hodi, anasikia miguu."

Shangazi alikuwa kiziwi tangu utoto, baada ya homa kali iliyompata kabla hajaota meno ya pili. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenichukua, akanilea katika nyumba yake hapa Ujiji, akanipeleka chuoni kusoma Kurani ambayo yeye hakuwahi kuisikia. Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa madrasa, na nikiwa na mke na watoto bado nilikaa naye nyumba moja. Mtaani walimwita Bubu. Walimwita hivyo bila ubaya, kama mtu anavyoitwa Mrefu, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyejiuliza kama lile lilikuwa jina.

Ubao uliletwa na fundi wa mitumbwi wa Katonga. Yeye alizaliwa kiziwi, Muha wa huko milimani aliyeshuka ziwani akiwa kijana, Mkristo. Mwaka tulioisakafia baraza kwa saruji, vishindo vyote vilikufa ndani ya sakafu ile mpya, na shangazi akawa mtu wa kushtuka: unamgusa bega, anaruka. Siku moja fundi alimkuta anapepeta mchele, akamgusa, ungo ukaruka na mchele wote ukamwagika. Hakucheka. Aliinama akaikanyaga sakafu hapa na pale, akatikisa kichwa kama daktari, akaondoka. Juma lililofuata alikuja na ubao begani. Aliuinua kidogo kwa vipande vya mti chini yake ili usilale juu ya saruji, akakanyaga mwisho wake mmoja, na shangazi aliyekaa mwisho wa pili akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

Wa tatu wao alikuwa kinyozi wa sokoni. Watu walidhani kwa kinyozi kiziwi watapata utulivu, kumbe yule ndiye aliyekuwa na maneno kuliko vinyozi wote wa Ujiji, ila aliyasema kwa mkono uleule ulioshika wembe. Ulikaa kwenye kiti chake ukimwomba Mungu asikumbuke kisa kirefu.

Ijumaa mchana watatu hao walikutana barazani kwetu. Mikono ilikwenda mbio, nyuso zikabadilika, viganja vikagonga mapaja. Kuna siku nilirudi kutoka msikitini ambako mimi ndiye niliyehutubu. Kinyozi akamuuliza shangazi nimesema nini. Shangazi akaniuliza. Nikajitahidi kwa mikono yangu mifupi. Yeye akawageukia wenzake, akainua kidole kimoja juu, kisha akakipiga kile kiganja kinachoiba. Mche Mungu, usiibe. Kinyozi akaonyesha jua lilipokuwa wakati tunaingia, akaonyesha lilipo sasa, akafungua mikono: basi muda wote huo wa nini? Wakacheka, nami nikacheka, ingawa niliona haya kidogo.

Nimesema mikono yangu mifupi. Sisi wa nyumba ile, tunaosikia, tulijua maneno ya jikoni: njoo, kula, maji, mvua, lala, acha, amekuja mtu. Tuliona yanatosha, kwa kuwa chakula kilipikwa na nguo zilianuliwa. Yale mengine waliyosemezana Ijumaa tuliyatazama kama mtu anavyotazama mvua inayonyesha upande wa pili wa ziwa.

Kazi ya shangazi ilikuwa dagaa. Alikuwa na sehemu yake Kibirizi ya kuanikia, na huko ndiko alikokuwa asubuhi zile maboti ya wakimbizi yalipoanza kuja kutoka kaskazini, kutoka Burundi, na baadaye kutoka ng'ambo ya ziwa pia. Waliozaliwa baadaye hawawezi kupata picha. Mchanga wa kuanikia dagaa ulijaa watu waliolala. Wanawake wa dagaa walikusanya samaki wao, wakawaachia wageni nafasi, wakachemsha uji kwenye masufuria ya kuchemshia mawese. Namshukuru Mungu kwa kuwa niliona mji wangu ukifanya hivyo.

Nilikuwa pale siku moja, nimempelekea shangazi chakula, nikakuta watu wamezunguka duara. Katikati alikuwa mwanamke kijana, khanga imemfunguka, nywele zimejaa mchanga. Alikuwa anakanyaga. Anatua mguu wa kulia mara mbili, anatulia, anageuka kutazama pande zote, kisha tena mara mbili.

"Huyo kapagawa," alisema mchuuzi mmoja wa dagaa. "Tangu asubuhi anatwanga mchanga."

Mzee mmoja wa boti lililomleta akasema kwa lugha yao kwamba si kichaa, ni ikiragi, bubu wa kuzaliwa, na akaeleza kwa Kiswahili cha shida kwamba hawamjui, alipanda nao tu.

Mpagazi mmoja akamwona shangazi anakuja na ndoo. "Ee, Mama Bubu! Leo umeletewa pacha wako!" Watu wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

Shangazi hakutazama midomo ya mtu. Alitazama miguu ya yule mwanamke. Akaweka ndoo chini, akaingia ndani ya duara, akasimama mbele yake, akakanyaga mara mbili. Yule mwanamke aliganda. Kisha akamshika shangazi mikono yote miwili, akaitazama kama mtu anayetafuta jeraha, akaiachia, akaanza kusema.

Mikono yao haikuwa lugha moja. Yule aliyajua ya nyumbani kwao, shangazi ya kwetu. Lakini walikaa kwenye mchanga tangu asubuhi hiyo hadi adhuhuri, kila mmoja akimchorea mwenzake, akirudia, akikosea, akianza upya. Fundi akaitwa kutoka Katonga. Walipomaliza, shangazi alinigeukia akanieleza polepole, kwa maneno ya jikoni niliyoyajua. Mtoto. Maboti mawili. Mama boti hili, mtoto boti lile. Boti la mtoto limetangulia. Mtoto hayupo.

Hakuwa amepagawa, basi. Alikuwa anamwita binti yake. Mtoto yule alisikia vizuri, lakini alilelewa na mama asiyeita kwa sauti, wao wawili tu, na kwao mwito ulikuwa kishindo cha mguu kwenye sakafu. Mama alifika, akaukanyaga mchanga wa Kibirizi, na mchanga hauchukui kishindo kwenda popote.

Boti la kwanza lilikuwa limeshushwa siku iliyotangulia na watu wake wamepakiwa malori kwenda kambini. Tukaenda ofisi ya waliokuwa wakiunganisha watoto na wazazi: yule mama, shangazi, na mimi kama mkalimani. Karani alikuwa mtu mwema, na macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

"Jina la mtoto?"

Nikamuuliza shangazi, shangazi akamuuliza mama. Mama akaweka kidole gumba chini ya kidevu chake, akakiinua juu.

"Ndilo hilo," nikasema.

"Lipi, Maalim?"

"Hilo. Kidevu juu. Anasema mtoto akikataa jambo huinua kidevu. Anamwita hivyo."

"Maalim, hicho ni kidevu. Mimi naandika jina."

Nikamwambia mama huyu hajawahi kusikia jina. Kama nyumbani kwao kulikuwa na ndugu waliompa mtoto jina la kuita, yeye hakuliona. Karani akapiga kalamu mezani, akawaza, kisha kwa huruma tu akaandika jina ambalo wasichana wengi wa kule wanalo. "Lazima kiitwe kitu kwenye kipaza sauti," alisema. "Na mama huyu nimwandikie nini? Kila nikimuuliza ananijibu kwa kidole."

Nikamkumbuka Bibi Maryamu, rehema za Mungu ziwe juu yake, alipowarudia watu wake na mtoto mikononi. Walimwuliza, wakamlaumu, naye hakutamka neno, alimwashiria mtoto. Aya ile nilikuwa nimeisomesha tangu ujana wangu. Niliona pale ofisini kwamba siku zote nilikuwa nimeisimulia kutoka upande wa wale waliokuwa wakiuliza.

Siku ya kwenda kambini tulipanda lori la mahindi, fundi naye akaja. Kipaza sauti kikaita lile jina. Wasichana walitoka, wengine wameshikwa mikono na walezi wao, wakasimama mbele ya yule mama mmojammoja, na kila mara akatikisa kichwa. Waliopangwa pale walikuwa watoto wazuri, wenye majina yao, na baadhi yao walikuwa wakitazama uso wake kwa matumaini kuliko yeye. Mchana ukafika. Karani akasema, kwa upole, kwamba huenda mtoto alipelekwa kambi nyingine, na kwamba huenda, Mungu aepushe, hakufika.

Shangazi aliuona uso wangu kabla sijamtafsiria. Akageuka akaanza kutembea katikati ya mistari ya vibanda. Ardhi ya kule haikuwa mchanga. Ilikuwa udongo mwekundu uliopigwa na miguu ya watu wengi ukakazana. Alisimama penye njia panda, akaukanyaga mara mbili. Mama akaelewa, akashika njia ya pili. Fundi, na mabuti yake ya kazi, ya tatu. Watoto wakawafuata.

"Wanacheza ngoma!"

"Ngoma gani haina ngoma? We mwehu!"

"Yule babu ndiye ngoma yenyewe, sikia kishindo chake!"

Mimi nilikuwa nyuma ya shangazi. Tulipita vibanda vingi. Mwanamke mmoja alitufokea kwamba tunamwamshia mgonjwa, nikamwomba radhi. Kisha, upande wa mama, nikasikia kishindo kikijibiwa. Kilikuwa chepesi, kama cha mbuzi. Mbele ya kibanda kimoja palisimama msichana wa miaka kama sita, sufuria mkononi, kidevu kimeinuka, anakanyaga. Sufuria ilianguka. Yaliyofuata siwezi kuyaandika vizuri, nami sitajaribu.

Mjane aliyekuwa akimtunza alitoka akijifuta mikono. "Kumbe ana mama?" aliniambia. "Mimi nilijua ni bubu. Jina lile wameliita hapa asubuhi nzima, hata hakugeuza shingo. Nami namkataza kila siku, acha kurusharusha mikono, watu watasema umelogwa." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemlisha mtoto asiye wake kwa chakula kidogo, na alipoachana naye alilia.

Miaka ile wageni wengi walikaa mjini kwa jamaa, na mwenyekiti wetu wa mtaa alipouliza, shangazi alimwonyesha yule mama, kisha akajigonga kifua: wangu. Wakakaa nasi. Mama akaingia kwenye kazi ya dagaa. Ijumaa, barazani, wakawa wanne, na mtoto katikati. Mwanzoni msichana alifichaficha mikono yake chini ya gauni, kama alivyozoezwa kule kambini. Kinyozi ndiye aliyeitoa, kwa visa vyake na vichekesho. Haukupita muda mrefu akawa anasema kwa mikono kuliko wao wote, ya kwao na ya kwetu yamechanganyika, hata fundi akawa anamshika kifundo cha mkono kumwambia: polepole. Kwa mdomo alijifunza Kiswahili kutoka kwa watoto wangu. Kwenye ubao hakutembea, aliruka. Mke wangu alisema ubao ule utavunjika, na shangazi, akielezwa malalamiko hayo, aliufanya uso wake kuwa wa mtu asiyeelewa. Uso huo aliutumia vizuri sana alipotaka.

Hali ilipotulia kwao, watu walianza kurudi, nao wakarudi. Siku ya kuondoka, msichana alikanyaga ubao mara mbili akiwa mlangoni, na mizigo imeshatoka nje. Shangazi aliinua kichwa. Baadaye alikaa mahali pake hadi magharibi, dagaa wake kule Kibirizi hawajageuzwa.

Kinyozi alifariki kwanza. Halafu shangazi, usingizini, baada ya mfungo mmoja alioutimiza wote.

Namshukuru Mungu kwa kifo chake, kilikuwa chepesi. Ninachosikitikia ni maziko. Mimi na binamu yangu tuliingia kaburini kumpokea. Tukamlaza, tukamwelekeza kibla, tukaanza kupanga viunza, zile mbao zinazomfunika maiti kabla ya udongo. Hapo nilihisi kitu kwenye nyayo zangu. Kilinijia kupitia udongo kabla sauti haijafika: mara mbili, kimya, mara mbili. Nikajua ni fundi. Alikuwa juu, na alikuwa amekuja na ule ubao. Aliung'oa barazani wakati sisi tunaswali jeneza, akaubeba begani mpaka makaburini kama alivyoubeba siku ile ya kwanza. Alitaka ulazwe pamoja na viunza.

Nikasikia sauti ya mzee mmoja wa msikiti. "Anataka nini huyu? Huo ubao umekanyagwa na viatu miaka yote. Na yeye mwenyewe si wa dini. Mwondoeni, anakanyaga makaburi ya watu!"

Vishindo vikakatika. Nilipopanda juu, tayari alikuwa nje ya uzio, na vijana wawili wamesimama mlangoni. Imamu akaanza talkini. Akakaa kichwani mwa kaburi, akamsomea shangazi kwa Kiarabu safi majibu ya kuwapa malaika, akimwita kwa jina lake, jina ambalo shangazi hakuwahi kulisikia hata siku moja. Sina neno na talkini, nami nitafurahi nikisomewa, na najua anayesikilizisha wafu ni Mungu. Lakini mtu pekee pale aliyejua namna ya kumwita alikuwa nje ya uzio. Nimepekua vitabu vyangu tangu siku hiyo na sijaona mahali panapokataza ubao safi kwa sababu ulikanyagwa.

Siku chache baadaye nilikwenda Katonga. Fundi alinipa kigoda, akaendelea kupachika pamba kwenye nyufa za mtumbwi. Nilikaa sana. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa ndani ya kaburi, kwamba nilimsikia kwa nyayo, kwamba wamekosa. Nikatafuta mikononi mwangu, nikakuta njoo, kula, maji, mvua, lala. Nikamwonyesha kula. Nilimaanisha aje nyumbani. Akanitazama, akagusa tumbo lake, akatikisa kichwa: ameshiba. Hakuja tena barazani, naye alifariki kabla mvua za mwaka uliofuata hazijakatika. Alizikwa upande wa makaburi ya Wakristo.

Miaka imepita mingi. Baraza sasa ina vigae, wanangu wameweka. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa pale na tasbihi yangu, akaingia mwanamke mtu mzima, amefunga kitenge kizuri. Alisimama kizingitini. Akatazama chini, akapapasa vigae kwa ncha ya mguu, kulia, kushoto.

"Ubao uko wapi?" akasema. Ndipo akakumbuka adabu. "Shikamoo, Mwalimu. Hunijui."

Aliinua kidevu. Nikaweka kidole gumba chini ya kidevu changu. Akaziba uso kwa mikono yake.

Alikuja kumwona shangazi. Mama yake alikuwa amefariki, na alimwachia wosia mmoja: mwambie yule wa Ujiji. Hakujua kwamba shangazi naye ametangulia. Nilipomwambia, aliuliza kama anaruhusiwa kwenda kaburini, maana yeye ni wa kanisani. Nikamwambia twende.

Mlinzi wa makaburi alikuwa ameketi nje ya kibanda cha majembe, juu ya ubao uliolazwa kwenye mawe mawili. "Karibu Maalim. Mama, viatu tafadhali." Mwanamke alikuwa anatazama ubao aliokalia mlinzi.

"Huu ndio," alisema.

"Ndio nini?"

Ulikuwa umeliwa na mchwa upande mmoja. Lakini matundu ya misumari ya mtumbwi yalikuwepo, na kiraka cha bati alichokipiga fundi palipopasuka. Fundi aliuacha nje ya uzio siku ile, mtu akauingiza, ukawa benchi. Mimi mwenyewe nimeukalia mara nyingi nikisubiri jeneza lifike. Sikuwahi kutazama chini.

Tukamwomba mlinzi anyanyuke. Tukaubeba, mwanamke mwisho mmoja, mimi mwisho mmoja, hadi miguuni pa kaburi, tukaulaza ardhini. Akavua viatu, akapanda, akatua mguu mara mbili.

"Ee mama!" Mlinzi alikuja mbio. "Hapa hapakanyagwi hivyo! Maalim, mwambie!"

"Mwache," nikasema. "Anabisha hodi."

"Hodi kwa maiti?"

"Nawe ukiingia hapa huwasalimu? Mwache asalimu."

Akasubiri kidogo, kama tulivyokuwa tukisubiri zamani. Kisha akaanza kusema. Sijaona mikono ikienda vile tangu Ijumaa zile. Nilisimama pembeni nikijitahidi. Niliona mama. Niliona lala. Niliona mvua, na maji, na kitu kama boti. Mengine yote yalinipita, mimi niliyelelewa katika nyumba ile. Alisema kwa muda mrefu, akilia na mara moja akicheka, na alipomaliza aliinua kidole kimoja juu, kama shangazi alivyokuwa akifanya.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza tulipokuwa tukitoka.

"Kwamba mama amelala. Kwamba siku za mwisho mikono ilikosa nguvu, akawa anasemea ndani ya kiganja changu. Kwamba anamsalimu."

"Na mengine?"

Akafikiri. "Mengine sijawahi kuyasema kwa mdomo, Mwalimu. Siyajui kwa mdomo. Na leo nimeyasema mara ya mwisho, maana hakuna mwingine."

"Watoto wako?"

"Nimewafundisha machache. Njoo, kula, acha."

"Kama mimi."

"Kama wewe," akasema, bila ukali.

Mlinzi aliuliza kama arudishe ubao kibandani. Nikamwambia auache ulipo, nitamtafutia benchi. Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi, na kwamba hakuna aliyemwambia ubao wake umefika. Nikamwuliza yule mwanamke, kwa mikono yao, "umefika" husemwaje. Alifungua kiganja cha kushoto, akakishusha kiganja cha kulia kutoka mbali, taratibu, mpaka kikatua juu yake na kuteleza kidogo, kama mtumbwi unapogusa mchanga. Akanirekebisha mara mbili. Vidole vyangu vimekakamaa, lakini Mungu si mwenye haraka.

Asubuhi aliyosafiri nilikwenda peke yangu upande wa makaburi ya Wakristo. Nilitafuta msalaba wa fundi mpaka nikaupata, umeinama. Nilivua viatu. Nikakanyaga mara mbili, nikasubiri, nikamwambia.